Huruma kwa Kiumbe Dhaifu

Je, ni haki kumkeshea mtoto wa mbwa aliyezaliwa dhaifu? Katika nyanda za juu za Njombe na Makambako, baridi ya Juni na Julai huweza kumuua kabla ya njaa, kwani katika majuma ya kwanza mwili wake haujui kujitunzia joto. Mlezi mwenye maarifa humpasha joto kwanza, ndipo humpa maziwa. Maana tumbo lililopoa halisagi chakula. Humlisha kidogo kidogo, kila saa mbili au tatu, usiku na mchana, akiwa kifudifudi asipaliwe. Kisha humpangusa kwa kitambaa cha maji vuguvugu apate kujisaidia.

Liko pingamizi lenye uzito: maziwa hayo yangemfaa mtoto wa mtu. Ni kweli, penye uhaba mtoto wa mtu hutangulia. Lakini mtoto wa mbwa hunywa vijiko vichache tu. Kikubwa anachodai ni usingizi wetu, na huo hatukuwa tumempa maskini yeyote. Wema kwa awezaye kulipa huchanganyika na biashara. Huyu, ambaye hata macho hajafumbua, hamjui amleaye. Hapo ndipo huruma hupimwa.