Haki ya Punda na Mahali pa Matandiko

Miongoni mwa masuala ambayo wanavyuoni na wenye hekima wameyajadili tangu kale, na ambayo mtu wa kawaida huyajibu kila siku kwa vitendo vyake pasipo kujua kwamba ameulizwa, limo hili: je, mnyama atutumikiaye ana haki juu yetu, au hana ila huruma zetu? Tofauti ya mambo haya mawili si ndogo, maana huruma hutoka kwa mwenye nayo apendapo na huzuiliwa akasirikapo, wala aliyeizuia hadaiwi na mtu. Lakini haki ni deni, na mwenye deni hulipa akiwa na furaha au ghadhabu, akiwa na wasaa au amechoka. Methali yetu isemayo, Punda afe mzigo wa bwana ufike, imekwisha kulikata shauri hili upande wa bwana. Nami naona hukumu hiyo yafaa kukatiwa rufaa, na shahidi wa kwanza wa kuitwa ni mahali bwana huyo ayawekapo matandiko baada ya kazi.

Apitaye Thika, kwenye mitaa ya Makongeni na Kiandutu, au Ruiru pande za Kihunguro na Gatong'ora, huwakuta punda wakivuta mikokoteni ya magurudumu mawili, iliyofungwa ekseli na matairi ya gari kuukuu, imesheheni mitungi ya maji, nyasi za ng'ombe, au mawe ya kujengea yatokayo Ndarugo. Na atazame kwa karibu kile alichofungwa mnyama: aghalabu ni gunia lililokunjwa juu ya kipande cha godoro, na mikanda iliyokatwa katika tyubu ya gari na kuunganishwa kwa kamba ya nailoni, ambayo fundo lake hukaa pale pale bega linapocheza. Jioni mzigo ushukapo, gunia hilo lililorowa jasho hutupwa chini ya mkokoteni, juu ya changarawe; usiku jasho hukauka likaacha chumvi, mchanga na vijiti vikanata, na kulipokucha kitu kilichokuwa laini jana kimekuwa kigumu mithili ya gome la mti, nacho hurudishwa juu ya ngozi ile ile. Hivyo vidonda vingi tuvidhaniavyo kuwa vya mzigo vilianza usiku, mwenye punda akiwa amelala.

Dini zetu hazikulinyamazia jambo hili. Imepokewa kwa Anas bin Malik, katika mkusanyo wa Abu Daud, ya kwamba masahaba watuapo kituoni safarini hawakuwa wakiswali mpaka wawe wamekwisha kuwafungua wanyama wao matandiko. Na atafakari msomaji mpango huo: watu wale hawakuidharau sala, nao walikuwa wamechoka na kufunikwa vumbi; lakini walijua kwamba mja hawezi kusimama mbele ya Mola wake kwa utulivu ilhali kiumbe kingine cha Mola huyo huyo kimesimama nyuma yake kingali na mzigo mgongoni. Torati nayo, katika Kutoka sura ya 23, yamwamuru mtu amkutaye punda wa adui yake ameanguka chini ya mzigo asimpite, bali amsaidie. Na katika Kumbukumbu la Torati punda ametajwa kwa jina miongoni mwa wale wapasao kupumzika siku ya Sabato. Huruma haina nguvu ya kuamrisha hivyo, kwa maana ni nani awezaye kulazimishwa kumhurumia mnyama wa adui yake? Ni haki tu iwezayo kuvuka uadui wa mabwana na kumfikia punda.

Watasema wengine kwamba fadhila ya punda ni mateke. Lakini katika Hesabu sura ya 22 twasoma jinsi Balaamu alivyompiga punda wake mara tatu, hata mnyama alipofunguliwa kinywa akamwuliza amekosa nini, ndipo bwana alipotambua kwamba malaika alisimama njiani na upanga mkononi, na kwamba aliyepigwa ndiye aliyemwokoa. Punda wa Ruiru hakujaliwa ulimi. Hana njia ya kutoa ushahidi ila teke lile alipigalo tandiko gumu likaribiapo kidonda, na badala ya kuandikiwa ushahidi wake huongezewa fimbo.

Wala jambo hili si la maskini peke yao. Katika barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2012, hupita pia magari yavutayo trela za farasi kati ya Nairobi na nchi za Nanyuki, na mwenye farasi, ijapokuwa tandiko lake ni la ngozi ya thamani, huulizwa suala lile lile kwa namna nyingine. Matandiko, kikuku na lijamu vikiachwa vimelegea pale farasi aliposimama, breki ikikamatwa ghafula au trela likiruka tuta huanguka chini ya kwato za mnyama aliyefungwa asiyeweza kukimbia. Na vikifungiwa humo vimerowa, pamoja na mvuke wa mkojo, ngozi hushika ukungu, kisha hukakamaa na kukwaruza mgongo. Kwa hiyo waangalifu huvitengea chumba chake mbele, tandiko likapanda juu ya kigingi na hatamu zikatundikwa, mlango ukafungwa.

Najua jawabu la mwenye mkokoteni: kwamba yeye ndiye mwenye njaa, na kwamba fedha ya maji haitoshi watoto, sembuse punda. Jawabu hilo ni la kweli, nami silidharau; lakini yanayodaiwa hapa hayahitaji fedha. Kulisuuza gunia jasho lingali bichi, kulianika, kulitundika juu mahali panya hawafiki, kulikung'uta na kulipapasa kwa kiganja kabla ya kulirudisha, na kumpa kila punda lake asiambukizwe maradhi ya ngozi na mwenzake: hiyo ni kazi ya muda mchache, na maji yake hayazidi mtungi mmoja katika mingi aliyoivuta mwenyewe.

Tena sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, yakataza kumbebesha mnyama kupita kiasi na kumtumia aliyejeruhiwa asiyefaa kazi. Lakini sheria huona mchana, nayo haikuweza kuwalinda punda na soko: sensa ya 2009 iliwahesabu takribani milioni 1.8, na ile ya 2019 takribani milioni 1.2, baada ya machinjio kufunguliwa kwa ajili ya ngozi zitakiwazo China kwa dawa, mpaka Umoja wa Afrika ulipoipiga marufuku biashara hiyo Februari 2024. Aliyemtunza punda kwa ajili ya bei yake alimwuza bei ilipopanda. Aliyeijua haki yake alibaki naye.

Basi hukumu yangu ni kwamba mnyama anayo haki, na ya kwamba haki hiyo hudaiwa saa ile bwana amechoka kuliko saa zote. Wewe uliye na punda, au farasi, usiende kwenye sala wala chakula cha jioni kabla hujalitua tandiko, ukalisafisha, na kuliweka mahali pake.