Mume Asiyetajwa

Filamu ya Titanic, aliyoitengeneza James Cameron mwaka 1997, ilipata tuzo 11 za Oscar na ikaliza watu wa kila lugha. Ilifika hata katika mabanda ya video ya Tanzania, msimulizi akiifasiri kwa Kiswahili. Kwa bahari, barafu na kilio cha vyuma vinavyokatika, hapana wa kuilaumu. Kwa mapenzi, imepungukiwa.

Jack ni kijana fukara aliyepata tiketi kwa kamari. Rose ni binti aliyechumbiwa na tajiri ili mamake asiaibike kwa madeni. Wanapendana siku chache, meli inazama, Jack anafia majini. Hapo ndipo filamu inapoukwepa mtihani wake. Kufa kwa ajili ya mpenzi ni jambo kubwa, wala halibezwi. Lakini kifo kilimwondolea Jack kodi ya nyumba, homa ya mtoto, na zile asubuhi ambazo hakuna mwenye hamu ya kusema. Pendo lake lilibaki safi kwa kuwa halikutumika.

Dhuluma iko kwengine. Rose aliolewa baadaye, akazaa, akapata mjukuu. Katika ukongwe wake anakiri kwamba hakumtaja Jack kwa yeyote, hata kwa mumewe. Na mwisho, katika ile ndoto (au ndiyo pepo yake?), anayemngoja juu ya ngazi ni Jack, na umati unawapigia makofi. Mume hayumo, limebaki jina lake la ukoo tu. Je, ni haki moyo kuwa na chumba kilichofungwa umri mzima? Pengine ni haki. Bali kumweka mume ukumbini naye akidhani nyumba yote ni yake, hilo lilistahili kuulizwa, na filamu haikuuliza.

Rukwa nako ina meli yake ya kusimuliwa. Liemba ilizamishwa na Wajerumani wenyewe katika Ziwa Tanganyika mwaka 1916, mitambo ikiwa imepakwa mafuta mazito isiharibike. Waingereza wakaiibua, ikarudi kazini mwaka 1927. Kwa miongo mingi ilipita Kasanga, bandari iliyo chini ya nyanda za juu za Ufipa, ikibeba watu wa magunia na watoto mgongoni, waume na wake waliozoeana mpaka hawatazamani.

Huko juu, kuizunguka Sumbawanga, kilimo cha jadi cha Wafipa kina matuta ya mviringo yaitwayo ntumba. Mvua zikielekea kwisha, majani hufukiwa ndani ya tuta yaoze. Msimu unaofuata tuta husambazwa, ndipo ardhi ipokee ulezi. Jasho la mwaka huu huliwa mwakani. Mapenzi ya namna hiyo ni magumu kuyaingiza katika filamu ya saa 3, na atakayethubutu itambidi ampe yule mume sura, sauti, na mikono yenye udongo.