Nyumba Tunayoisifu Tukiwa Nje

Mama yangu ana neno moja tu kuhusu nyumba ya msonge: moshi. Ukimwuliza ilikuwaje kukulia humo, hakuelezi habari za umbo wala za nyasi zilivyofumwa. Anasema "moshi", kisha anapangusa macho kana kwamba bado yanamwasha.

Neno hilo nilipanda nalo mlimani siku nilipofuatana na wanafunzi wa usanifu majengo. Walikuwa wamekuja Moshi kwa ziara ya masomo, nami nilitumwa kuandika habari yao. Tulikwenda upande wa Marangu kuona msonge uliotunzwa. Vijana walitoa futi, daftari na simu, wakapima kila kitu: kipenyo, kimo cha mlango, unene wa nguzo. Mwalimu wao alieleza vizuri, tena kwa mapenzi. Paa linashuka hadi karibu na ardhi ili mvua isiguse kitu. Ng'ombe wanalala upande mmoja, watu upande wa pili, na joto lao linawafaa wote usiku wa baridi. Moshi wa mafigani unakausha chakula kilichowekwa juu na kufukuza wadudu kwenye nyasi. Hakuna kilichopotea bure. Wanafunzi walikuwa wanatikisa vichwa kwa kustaajabu, na mimi pia.

Kijana mmoja akamgeukia mzee mwenye kihamba. "Meku, sasa kwa nini mliacha kujenga hivi?"

Mzee akacheka. Akanyoosha fimbo kuelekea nyumba ya bati iliyokuwa nyuma ya migomba. "Mimi nalala ile. Hii ni yenu."

Tangu siku hiyo swali limenikaa kooni. Je, ni haki kumfundisha kijana kuipenda nyumba ambayo waliozaliwa ndani yake waliikimbia? Tunamrithisha maarifa, au tunamfundisha kusifu shida za watu wengine akiwa amesimama nje na kamera?

Swali hili si geni kwetu. Mwaka 1977, alipotazama nyuma miaka 10 ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba Watanzania tumepumbazwa na saruji na bati. Aliona watu wanakaa kwenye nyumba mbovu wakisubiri "udongo wa Ulaya", wakati udongo wa kuchoma matofali na vigae wanaukanyaga kila siku. Kwa wanaofundisha ujenzi wa asili, hoja hiyo ni kama dua: tatizo liko kichwani, watu wakielimishwa watarudi.

Mimi siamini kwamba mama yangu ana tatizo kichwani. Bati lilikuja mlimani kwa sababu zinazoeleweka. Fedha za kahawa, hasa baada ya chama cha ushirika cha KNCU kuundwa miaka ya 1930, ziliwapa watu uwezo wa kuchagua, nao wakachagua. Nyasi zinashika moto. Nyasi zinataka kuezekwa upya. Bati linakinga maji ya mvua yakaingia kwenye pipa, na mwanamke anapunguza safari ya mtoni. Zaidi ya hayo, bati lilitangaza kwamba katika nyumba hii kuna mtu amesoma, au amepata kazi, au mtoto amekumbuka wazazi. Huwezi kufuta maana hiyo kwa mhadhara wa saa mbili.

Aliyejaribu kwa moyo safi kabisa alikuwa Hassan Fathy, msanifu wa Misri. Katika miaka ya 1940 alijenga kijiji cha Gourna Mpya, karibu na Luxor, kwa matofali ya udongo na kuba za kale, kwa ajili ya wanakijiji ambao serikali ilitaka kuwahamisha. Kazi yake inasomwa vyuoni duniani kote hadi leo. Wanakijiji wengi waligoma kuhamia. Walikuwa na riziki yao kule walikokuwa, na wapo walioona kuba kama hizo zinafaa makaburini, si juu ya kitanda cha mtu. Fathy alijua udongo kuliko mtu yeyote. Wenye nyumba hakuwajua vya kutosha.

Hadi hapo unaweza kudhani nataka vyuo viachane na mambo ya asili. La hasha. Ninachosema ni kwamba tunafundisha nusu ya somo, na nusu iliyobaki iko huku chini, Mabogini.

Wageni wakifika Moshi wanatazama juu, kwenye theluji na migomba. Mabogini iko kusini mwa mji, tambarare, joto kali, mashamba ya mpunga ya mradi wa umwagiliaji uliojengwa kwa msaada wa Wajapani miaka ya 1980, na sasa viwanja, viwanja, viwanja. Hakuna mwanafunzi wa usanifu anayeletwa kupima nyumba za Mabogini. Matofali ya saruji, bati, madirisha ya vioo, mnara wa tenki. Zipi za kupima?

Lakini jiulize sisi tulifikaje huku. Kwa mila ya kihamba, mtoto wa kwanza wa kiume alipewa ardhi, na wa mwisho akabaki na boma la wazazi. Wa katikati walitafutiwa kwingine, au walijitafutia. Baba yangu alikuwa wa katikati. Zamani mlima ulikuwa na nafasi. Kufikia enzi yake haukuwa nayo. Akashuka. Mama hakuhesabiwa kabisa, maana binti hakurithi kihamba. Kwa hiyo ile bustani nzuri ambayo FAO iliitambua mwaka 2011 kama urithi wa kilimo wa dunia, kwa mfano wa kihamba cha Shimbwe Juu, ni mila ileile iliyotutoa sisi. Mabogini ni kivuli cha kihamba. Ukimfundisha mwanafunzi kihamba bila Mabogini, umemwonyesha sahani bila kumwambia nani hakula.

Hiyo ni deni la kwanza la mwalimu: kusema ukweli wote. Aseme moshi uliwaumiza akina nani macho, na ardhi ilimpita nani.

Deni la pili ni gumu zaidi, kwa sababu linahusu kitu kisichopimika kwa futi. Kule juu, msonge haukusimama peke yake. Ulisimama ndani ya maafikiano. Mfongo, ule mfereji wa maji kutoka msituni, ulipita kwa watu wengi, na kila mmoja alikuwa na zamu yake. Ukiharibika, mlitoka wote msaragambo. Asiyetoka alitozwa. Mipaka ilikuwa masale, mti mdogo wa kijani. Na jani la sale hilohilo ndilo mtu alilobeba alipokwenda kuomba msamaha. Hebu tafakari hilo kidogo. Kinachotutenganisha mimi na wewe ndicho kinachotupatanisha. Sijui somo la mipango miji linaloweza kuanza na jambo zito kuliko hilo.

Sasa shuka nami mtaani kwetu wakati wa masika. Jirani mmoja amejenga ukuta juu ya njia ya maji. Hana ubaya; kiwanja ni chake, alilipa, ana karatasi. Maji yanageuka, yanaingia kwa mjane wa nyumba ya tatu, yanatoka kwake yanakuja kwetu. Kila mtu ana nyumba imara kuliko babu yake alivyowahi kuota, na kila mtu anateka maji sebuleni kwa ndoo. Tulichopoteza tuliposhuka mlima hakikuwa nyasi. Tulipoteza ile njia ya kumwambia jirani "hapa maji yanapita" naye akasikia.

Lile umbo la duara, kwa upande wake, halikupotea. Liko kwenye hoteli za watalii, lina kitanda kikubwa, bafu la vigae na bei ya dola. Tumehifadhi kilichokuwa rahisi kuhifadhi.

Kuna mtu aliyeonyesha njia nyingine. Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando huko Burkina Faso, alijenga shule ya msingi kijijini kwao, ikakamilika mwaka 2001. Aliposema atajenga kwa udongo, watu wake walisita. Walijua mvua inavyofanya kuta za udongo. Hakuwaambia wamepumbazwa. Alichanganya udongo na saruji kidogo, akajenga pamoja nao, na juu akaweka bati, bati lilelile wanalolitaka, ila akaliinua juu ya dari ili upepo upite katikati na joto litoke. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Pritzker. Sisemi kila mwanafunzi wetu awe Kéré. Nasema aliwasikiliza waliotaka bati.

Mmoja wa wale wanafunzi, binti, niliendelea kuwasiliana naye. Namjengea mama nyumba, na ile tuliyonayo saa nane mchana huwezi kukaa ndani. Mama anashinda chini ya mwembe. Nilimwomba binti achore. Mchoro wa kwanza ulikuwa na kuta nene za udongo na paa la mviringo. Mama aliutazama, akasema kwa upole, "Mwanangu, hili ni zizi." Binti aliona aibu, mimi nikaona aibu zaidi, maana niliupenda.

Akaja Mabogini mwenyewe. Safari hii hakutoa futi. Alimwamkia mama, akakaa naye chini ya mwembe mchana kutwa, akamwuliza anapikia wapi, wageni wanakaa wapi, usiku anaogopa nini. Mchoro wa pili una bati lililoinuliwa, baraza pana upande wa mwembe, na jiko lenye bomba refu la kutolea moshi. Hilo bomba mama alilisisitiza mara tatu.

Kisha mama akaomba kalamu. Pembeni ya mchoro akachora mstari uliopinda, kutoka kwa mjane hadi kwetu na kuendelea, na kwenye ukingo wake akatia vidoti. "Hapa yapite maji," alisema. "Na hapa tupande masale."

Mstari huo unapita chini ya ukuta wa jirani. Jumapili tutakwenda kuzungumza naye. Binti ameomba kuja.