Waya Upitao Juu ya Kijiji

Mfikirieni kijana mmoja wa kijiji kilicho karibu na Kamina. Amemaliza shule ya sekondari, na jamaa zake wamechanga fedha ili aende chuo kikuu Lubumbashi. Arudipo likizoni, nkambo wake, yaani bibi yake mzaa mama, amwuliza: «Mume wangu mdogo, wajifunza nini huko?» (Ndivyo mabibi wawataniavyo wajukuu wao.) Kijana ajibu kwa adabu: «Nkambo, najifunza ufundi mpya unaopindua kazi za zamani. Tena najifunza jinsi nchi ziwezavyo kuacha moto wa makaa na wa mafuta, zikatumia nguvu za jua na za maji, bila kuwaharibia dunia watoto watakaozaliwa.»

Mama mzee huyo amechoma makaa miaka mingi. Makaa hayo, ambayo watu wa Kamina huyaita makala, ndiyo yaliyolipa karo ya kijana. Basi anyamaza kidogo, kisha auliza tena: «Na ufundi huo ukifika hapa, mimi nitakula nini?»

Swali hilo si la kuchekwa. Ndani yake mna swali kubwa zaidi: je, mtu ajifunzaye ufundi mpya ana deni kwa wale ambao ufundi huo utawanyang'anya kazi?

Kamina yenyewe yaweza kushuhudia, kwa maana ni mji uliokuzwa na ufundi wa namna hiyo. Kabla ya reli, mizigo ya nchi ile ilichukuliwa vichwani mwa watu, na wengi wao walishurutishwa. Mwaka 1928 reli iliyotoka Bukama na kupita Kamina ilifika Port-Francqui, mji uitwao leo Ilebo. Mwaka 1956 tawi la Kabalo nalo likakamilika, na Kamina ikawa njia panda. Magari ya moshi yalikuwa na watu wa kuchochea moto, nao walikuwa watu wa heshima, wenye mshahara na nguo za kazi. Kisha ukaja umeme. Mwaka 1952 ilianza sehemu ya kati ya Likasi na Tenke, na baadaye waya zikafika mpaka Kamina. Gari likabaki la moshi kwa jina tu. Mchukuzi hakuulilia mzigo wake alipopata reli, lakini mchochea moto alikuwa na sababu ya kuulilia moto wake. Ufundi mmoja humtua mtu mzigo, na mwingine humwondolea mtu mkate, na mara nyingi ni ufundi ule ule.

Wako wasemao kwamba mwanafunzi hana deni lolote. Kazi yake, wasema, ni kujua jinsi umeme unavyokwenda. Mambo ya wenye njaa ni ya serikali na ya wenye huruma. Kwanza kifanyike kitu, halafu wataangaliwa walioumia. Maneno hayo yaonekana kuwa na akili. Lakini yafaa kuyapima kwa jambo lililotendeka kweli katika nchi ya Kongo.

Huko Inga, karibu na mwisho wa mto Kongo, yalijengwa mabwawa mawili ya umeme, la kwanza likakamilika mwaka 1972 na la pili mwaka 1982. Na mwaka huo huo wa 1982 ukakamilika waya mkubwa kutoka Inga mpaka Kolwezi, mwendo wa kilometa 1,700 hivi. Kwa miaka mingi hakuna waya wa namna yake duniani ulioushinda kwa urefu. Ulibeba umeme kwenda kwenye migodi ya shaba, nao unapita misitu, mito na vijiji vingi. Usiku, mama wa kijiji aliweza kuinua macho akaona nguzo za chuma zikibeba nguvu za kuwasha mji mzima, kisha akainama tena kupuliza moto wa kuni.

Kwa nini vijiji hivyo havikupata hata taa moja? Jibu la mafundi ni la kweli. Umeme ule ni wa namna isiyobadili upande, uendao mbali sana bila kupotea mwingi njiani. Lakini mtu hawezi kuukata katikati akaupunguza kwa mtambo mdogo, kama ifanywavyo kwa umeme wa kawaida. Hutakiwa kituo kikubwa, chenye gharama nyingi mno. Basi mtu asema: «Si sisi tuliowanyima. Umeme wenyewe haukubali.»

Hapo ndipo msomaji afikiri sana. Ni kweli, umeme haukukubali. Lakini ni nani aliyeuchagua umeme wa namna ile? Siku ile karatasi zilipokuwa bado mezani, migodi ilihesabiwa, na shaba ikahesabiwa, na kilometa zikahesabiwa. Watu wa chini ya waya hawakuhesabiwa. Hakuna aliyewachukia, kwa maana hakuna aliyewakumbuka. Nao wanaojifunza dini wanajua kwamba katika maungamo mtu hutaja mawazo, maneno na matendo, kisha hutaja na kutotimiza wajibu. Watu wengi hulisema neno hilo la mwisho haraka haraka, kana kwamba ni dogo kuliko mengine.

Kwa hiyo deni la mwenye elimu halianzi wakati watu wameumia. Laanza mezani, wakati kalamu ingali mkononi na jambo laweza kugeuzwa. Baada ya nguzo kusimikwa, husalia sadaka tu. Sadaka ni njema, lakini haishushi umeme.

Wala jambo hili si la zamani tu. Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilipata kituo cha kufundishia na kuchunguzia utengenezaji wa betri, na mwaka huo huo Kongo na Zambia zilipatana kushirikiana katika kazi hiyo. Ni habari ya kufurahisha. Kobalti inayochimbwa Kongo ni kama sehemu saba katika kila kumi za kobalti yote ya dunia, na kwa muda mrefu nchi imeuza udongo wake, ikanunua taa. Lakini gari lisilo na moshi katika mji wa Ulaya huanza safari yake shimoni Kolwezi. Kijana anayejifunza betri asipomhesabu mchimbaji mezani, atakuwa anavuta waya mwingine juu ya vichwa vya watu.

Papa Leo XIII, alipoona jinsi viwanda vilivyowapindua mafundi wa Ulaya, aliandika mwaka 1891 juu ya haki ya wafanyakazi. Papa Leo XIV, aliyechaguliwa Mei 2025, alieleza kwamba alilichukua jina lile kwa sababu ya mapinduzi mapya, hasa ya mashine ziigazo akili ya mtu.

Mtu atapinga: «Basi tusiguse kitu, mama mzee asije akaumia?» La, sivyo. Moshi wa tanuru humwumiza macho na kifua. Tena yeye naye ana deni. Miti anayoikata ni ya miombo, ambayo nyuki hupata maua yake na viwavi vya kula hukua juu ya majani yake; jirani yake aliyekuwa akiokota viwavi sasa hutembea mbali zaidi kila mwaka. Je, alimhesabu jirani huyo alipoinua shoka? Ufundi wa kale nao una watu wake wa chini ya waya. Ila yeye alikata akiwa na watoto wenye njaa, bila kalamu wala meza, na hukumu yake haiwezi kuwa sawa na ya mtu aliyesomeshwa kwa magunia yale ya makala.

Kijana wetu hakuwa na jibu la kumpa nkambo wake. Angaliweza kumwambia kwamba serikali itatengeneza, au kwamba mambo hayo yako mbali. Hakusema hivyo. Alikwenda akachukua daftari lake la chuo, akaketi chini karibu naye, akauliza: «Nkambo, kwa mwezi mmoja unatoa magunia mangapi? Na huyo anayeyachukua kwa baiskeli mpaka Kamina, hukupa kiasi gani?»

Mama mzee akaanza kuhesabu kwa vidole.