Jirani Yangu Mkatoliki

Soma Kutoka 20:16, Mathayo 7:12, Ufunuo 18:4.

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mara nyingi dhehebu la mtu lilitokana na mahali alipozaliwa. Wamisionari Wakatoliki walianzisha kazi Kilema na Kibosho mwanzoni mwa miaka ya 1890. Walutheri wa Leipzig wakaanza Machame mwaka 1893. Waadventista walifika Upare mwaka 1903. Hata leo ukisema unatoka Kibosho au Rombo, wengi hudhani wewe ni Mkatoliki.

Dhana hiyo haina ubaya. Ubaya huanza tunapodhani kwamba tunaujua na moyo wa mtu. Husemwa hata katika vikundi vyetu: “Wakatoliki hawasomi Biblia,” “Wote wanaabudu sanamu.” Anayesema hivyo huenda hajamwuliza jirani yake hata mara moja. Je, amri ya tisa hailindi jina la Mkatoliki?

Mwingine atauliza, “Basi tufiche unabii?” La. Danieli 7 na Ufunuo 13 tutaendelea kuzifundisha. Lakini unabii huchunguza mfumo na mafundisho. Haukutupa ruhusa ya kumhukumu bibi anayesali rozari yake alfajiri kule Kibosho. Tena angalia Ufunuo 18:4: Mungu anawataja wale anaowaita kuwa ni wake hata kabla hawajatoka. Ellen White naye, katika Pambano Kuu, alikiri kwamba wamo Wakristo wa kweli ndani ya Kanisa Katoliki. Anayemdharau Mkatoliki huenda anamdharau mtoto wa Mungu.

Sisi wenyewe tunaujua uchungu wa kusemwa tusivyo. Tumeitwa watu wa sheria wasioijua neema. Basi tutumie kipimo kile tunachotaka tupimwe nacho: nikieleza imani ya jirani yangu naye akasikia, je, atasema, “Ndiyo, hivyo ndivyo ninavyoamini”? Asipoweza kusema hivyo, bado sijasema kweli, hata kama nia yangu ni kuitetea kweli.

Wachaga hupanda masale kuonyesha mpaka wa kihamba. Jani la mmea huohuo hupelekwa kwa jirani aliyekosewa ili kuomba msamaha. Kuwa na mpaka hakuzuii amani.

Maswali ya kujadili:

1. Tunawezaje kufundisha unabii wakati rafiki Mkatoliki ameketi kati yetu?

2. Ni neno gani ulilowahi kusema juu ya Wakatoliki ambalo usingelisema mbele yake? Juma hili utamwendea nani?