Kunakili si Kurithi

Laptopu ya marehemu kaka yangu ilianza kusumbua mara tu baada ya arobaini. Unaiwasha, unaenda kuchota maji, unarudi, bado inazungusha vidoti. Shemeji ndiye aliyenikabidhi, akasema itanifaa kwa kuandika. Nikaipeleka kwa fundi mmoja hapa Ilembo, kibanda cha kuchaji simu na kuuza vocha. Akaitegea sikio, ikalia tiki, tiki. "Kaka, diski hii inakufa. Ni ya GB 320. Ninayo SSD ya GB 500. Sasa chagua: nikupigie Windows mpya, au nihamishe kila kitu kama kilivyo?"

Nikajibu bila kufikiri: hamisha kila kitu. Yeye aliuliza swali la ufundi, mimi nikampa jibu la msiba.

Nikakaa kwenye benchi mpaka jioni. Fundi alinieleza kwamba kukloni diski kuna njia mbili. Unaweza kunakili vile vinavyotumika tu, au ukanakili sekta kwa sekta, pamoja na mabaki ya vilivyofutwa. Maana kwenye diski kama ile, kufuta faili si kuliondoa. Mfumo unaandika tu kwamba nafasi ile sasa iko wazi, na maandishi yanabaki palepale mpaka mengine yaandikwe juu yake. Nikasema: sekta zote. "Hata alivyovifuta mwenyewe?" Hata hivyo. Leo najiuliza nilikuwa na haki gani. Kitu alichofuta mtu ni kitu alichokwisha kukiamulia.

Ilipowaka, ilikuja na picha ileile ya watoto na jina lake likinikaribisha. Nikasema, "Ni ileile." Fundi akacheka: "Ileile ipi, kaka? Hii si diski nyingine kabisa?"

Ndugu msomaji, hapo ndipo fundi alipoingia kwenye ubishi wa zamani sana. Sisi tunao wa jembe la babu: mpini umebadilishwa mara tano, bapa mara mbili, na bado tunaliita jembe la babu. Wagiriki walikuwa na merikebu ya Theseus. Plutarch anasimulia kwamba Waathene waliitunza kwa kubadilisha kila ubao uliooza, mpaka wanafalsafa wakagawanyika kama bado ni ileile. Thomas Hobbes, mwaka 1655, akauongeza ubishi ule makali: je, kama kuna mtu aliziokota mbao zote zilizotolewa akaziunga tena, merikebu ya Theseus ni ipi kati ya hizo mbili?

Mezani kwa fundi zilikuwepo mbili. Na kompyuta yenyewe ina jibu lake. Fundi alinionya nisizichomeke zote kwa pamoja, kwa sababu kila diski ina namba ya utambulisho, na nakala imebeba namba ileile. Windows ikikuta mbili zenye namba moja, inaiweka moja pembeni. Haibishani.

Mimi sikuwa na shida na namba. Shida yangu ilikuja wiki tatu baadaye, nilipokuta faili linaitwa "madeni".

Siku ya mazishi tulitangaza kama desturi: anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, aje aione familia. Hakuja mtu. Kimoyomoyo tukashukuru. Sasa faili lilikuwa na mstari mmoja ambao haukuwekewa alama ya kulipwa: mama mmoja mwenye genge, shilingi 85,000. Mstari ule ulikuwa umetoka diski ya zamani ukaingia diski mpya bila kupotea hata herufi moja. Nikaona aibu. Wiki tatu nilikuwa najisifu kwamba nimemhifadhi kaka yangu mzima, kumbe nilichokuwa nimekihifadhi ni pamoja na deni lake, na nimelikalia.

Nikaenda. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Nikamweleza, nikaweka pesa juu ya meza ya nyanya. Akahesabu taratibu, akanirudishia elfu hamsini. "Alishapunguza. Ilibaki thelathini na tano." Nikamuuliza kwa nini hakuja siku ile tulipotangaza. Akasema, "Ningeanzaje kumdai maiti mbele ya mjane wake?"

Nimelifikiria jibu lile mara nyingi. Nakala yangu haikukosea kitu, sekta kwa sekta. Kilichopungua ni diski yenyewe, kwa sababu inakumbuka kilichoandikwa tu. Kilichotokea kilikumbukwa na mama wa genge, na hakuna programu ambayo ingekihamisha. Ilibidi niende kwa miguu.

Utasema basi ningepiga Windows mpya, yaliyopita si ndwele. Hapana. Ningefanya hivyo, mama yule angekosa haki yake na mimi ningelala usingizi mzuri. Kuanza upya mara nyingi humpendeza mdaiwa kuliko mdai. Lakini na sisi tunaotunza kila kitu tuna maficho yetu: tunaweza kutunza ili tusifanye. Kunakili ni kazi ya mchana mmoja. Kurithi ni kufungua, kuchagua, kulipa, na mahali pengine kuacha bila kugusa.

Kuna folda moja inaitwa "Binafsi". Sijaifungua. Fundi alitaka kuninunulia ile diski ya zamani kwa elfu kumi, atoe vipuri. Nilikataa, nikampelekea shemeji. Nikamwambia ukweli: ndani yake mna kila kitu, pamoja na alivyovifuta mumewe, na diski yenyewe inakufa, kwa hiyo akitaka kuifungua awahi. Kwenye nakala yangu folda ile nimeiondoa. Najua sasa kwamba kuondoa si kuondoa kabisa, ila angalau nimeshasema upande wangu.

Shemeji aliipokea, akaifunga kwenye kitambaa. Sijui kama ameifungua. Sijamuuliza, na sitamuuliza.