Baiskeli ya Kazini

 

Asubuhi hii, mahali fulani Shinyanga au Morogoro, mtu anabonyeza tairi kwa kidole gumba kupima upepo. Anafuta umande kwenye kiti kwa kiganja, kisha anafunga mzigo kwenye keria kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu. Safari ya kazini imeanza.

Mara nyingi baiskeli hiyo ni Phoenix, ile nyeusi ya kutoka Shanghai, yenye magurudumu ya inchi 28 na breki zinazovutwa kwa vyuma badala ya waya. Ni nzito na haina gia. Lakini inabeba gunia la mkaa, inahimili changarawe, na spoki ikikatika, fundi wa chini ya mwembe ana spea yake.

Dukani ipo pia ya gia, nyepesi, inang'aa. Nayo inamfaa anayepita kwenye lami bila mzigo. Ila wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Usinunue kwa macho. Nunua kwa kuangalia njia yako na mzigo wako.

Ndivyo yalivyo maisha, ndugu yangu. Chombo chema ni kile kinachokufikisha, na kikiharibika unamudu kukitengeneza.

Nawe dereva, ukimkuta mwendesha baiskeli barabarani leo, mwachie nafasi. Naye anawahi riziki, na jioni kuna watoto wanaosikilizia kengele yake mlangoni.

Asubuhi njema.